Sevdalina Demirova, Mwimbaji wa Kamenka

14 Mei 1996 – 2 Februari 2023

Wasifu unaosomwa kaburini na shangazi yake, Zorka Demirova, Jumamosi tarehe 4 Februari 2023

Marehemu Sevdalina Ognyanova Demirova alizaliwa tarehe 14 Mei 1996 katika Kamenka, mtaa wetu sisi Waroma, jamii ambayo mji wa Starobrod haujawahi kuihesabu kuwa yake. Alikuwa mtoto wa pili wa Bwana Ognyan Demirov na Bi Vaska. Baba yake ni mwashi. Nusu ya maghorofa ya mji huu yamepita mikononi mwake, ingawa hakuna mwenye ghorofa aliyewahi kukubali kumpangisha hata chumba. Mama yake alikuwa mchambuaji wa majani ya tumbaku kiwandani mpaka kiwanda kilipofungwa. Sevdalina alibatizwa mwaka uleule katika kanisa la Mtakatifu Petka.

Alilelewa zaidi na bibi yake mzaa baba, Bibi Kalinka, ambaye yuko hapa mbele yetu. Kila Septemba, mtaa mzima ulipotoa mapipa barabarani kuchoma pilipili hoho za akiba ya majira ya baridi, Sevdalina alizunguka pipa kwa pipa akiimba, na kila wimbo ujira wake ulikuwa pilipili moja ya moto. Siku moja alifika kwa bibi yake mashavu yamevimba, akataka kuimba hivyohivyo. Bibi akamwambia, "We mtoto, meza kwanza. Wimbo na pilipili havipiti mlango mmoja." Alikuwa na miaka mitano. Alimeza, akaimba, akaomba nyingine.

Alisoma shule ya msingi hapa Kamenka kuanzia mwaka 2003, kisha sekondari ya mjini kuanzia 2011 hadi 2015. Huko sekondari mwalimu wa muziki alimpanga mstari wa nyuma wa kwaya, akamwonya, "Wewe fungua mdomo tu, sauti usitoe." Katika sherehe ya tarehe 24 Mei, sikukuu ya herufi, Sevdalina alitii ubeti wa kwanza. Wa pili ulimshinda. Ukumbi ulisimama ukapiga makofi, na mkuu wa shule akauliza kwa furaha yule ni mtoto wa nani. Alipotajiwa jina na mtaa, makofi yalipungua kama manyunyu yanayopita. Familia ilikuwepo. Ilisikia yote mawili.

Kazi ya muziki aliianza angali mwanafunzi, akiimba harusini na bendi ya baba yake, Ognyan akipiga kodiani. Mwaka 2013 alishika nafasi ya pili katika shindano la waimbaji la televisheni, na miaka miwili baadaye akasaini mkataba na studio moja ya Sofia. Mtayarishaji wake, Bwana Plamen, alimweleza siku ya kwanza kwamba jina lake haliuzi, linanuka moshi wa kuni. Akamwita Lina Demir. Jioni Sevdalina alimpigia bibi yake simu.

"Bibi, wamenikata jina."

"Wamekukata wapi?"

"Mbele na nyuma."

"Basi katikati ndiyo wewe. Kaa hapohapo, usisogee."

Wimbo wake "Dirisha la Juu" ulitoka kiangazi cha mwaka huo. Ulipigwa kwenye redio, kwenye mabasi, kwenye fukwe za Varna, na kwenye harusi za watu ambao dukani kwao mwanamke wa Kiroma haruhusiwi kujaribu kiatu. Walicheza mpaka wakatokwa jasho. Wengine walimwambia machoni, wakidhani wanamsifu, "Wewe si kama wale wenzio." Mtangazaji mmoja wa televisheni alimwambia hivyo hewani, mwezi wa Oktoba 2016. Sevdalina akamjibu palepale, "Mimi ni kama wale hasa. Sauti unayoipenda nimeichota kwao. Na wao hata bomba la maji hawana."

Kuanzia siku hiyo alibeba mizigo miwili. Ijumaa na Jumamosi alikuwa jukwaani, wiki nzima alikuwa kwenye korido za ofisi, akidai maji, taa za barabarani, na nafasi za watoto wa Kamenka shuleni. Maji yalikuja mwaka 2018. Bwana Plamen alikuwa akimsihi, "Lina, mwanangu, imba, usihutubie. Mshika mbili moja humponyoka."

"Bosi," alimjibu, "Mungu kanipa mikono miwili. Hakuniambia mmoja ni wa pambo."

Nyumbani nako hakusalimika. Walikuwepo waliomwita bibi mkubwa wa Sofia, na waliotega masikio wapate kusikia kama Kiroma chake kimeharibika. Alikuwa akicheka. Mama yake anasema alikuwa akicheka mpaka afunge mlango.

Mume wake, Yanko Sabev, mpiga klarineti, alikutana naye kwenye harusi ya watu. Yanko alikuwa akipuliza kwa nguvu hadi sauti ya Sevdalina ikapotea. Walipopumzika Sevdalina alimfuata. "Kaka, unapuliza kama unazima moto."

"Ndiyo," Yanko akasema, "naona umeshawaka."

Walifunga ndoa tarehe 9 Julai 2017, na tarehe 3 Machi 2019 wakajaliwa binti, Rumyana.

Sasa familia inaomba uvumilivu, maana sehemu inayofuata baadhi ya waliohudhuria wangependa irukwe. Haitarukwa.

Kiangazi cha mwaka 2021 halmashauri ilitangaza kwamba nyumba za Kamenka hazina hati na zitaondolewa. Ni nyumba zilizokaliwa miaka sitini. Sevdalina alikwenda kuonana na meya. Meya alimpokea kwa kahawa na keki, akamwomba aimbe bure kwenye sikukuu ya mji, kisha akatoa ahadi mbele ya wazee wanne wa mtaa kwamba hakuna ukuta utakaoguswa kabla watu hawajapewa viwanja vingine. Yanko hakuipenda habari hiyo. Bibi Kalinka hakuipenda zaidi. "Mbwa akikuchekea, mjukuu wangu, hesabu meno."

"Nikikataa, bibi, watasema mimi ndiye niliyefunga mlango. Nitaimba. Waache wawe na deni kwetu."

Jumamosi tarehe 11 Septemba 2021 aliimba uwanjani, mbele ya halmashauri. Yeye mwenyewe alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akiwaambia watu waje wote, waonekane, wahesabike kuwa wananchi. Wakaja wote, wamevaa vizuri, na watoto wao mabegani. Kamenka walibaki wagonjwa na wazee. Akiwa katikati ya wimbo wa tatu simu zilianza kulia uwanjani, moja hapa, moja kule, kisha zote. Matingatinga yalikuwa yameingia mtaani.

Sevdalina aliacha kuimba. Akasema kwenye kipaza sauti, "Bwana meya, nyumba zetu—" na kipaza sauti kikazimwa. Muziki uliorekodiwa ukawashwa juu yake, wimbo wake mwenyewe. Alivua viatu akakimbia. Alipofika Kamenka alimkuta Bibi Kalinka ameketi kwenye kiti barabarani, pale polisi walipomweka, akitazama kitanda chake kikitoka nje pamoja na ukuta wake. Walioishi mitaa mingine waliendelea na sikukuu. Fataki zilionekana hadi kwetu.

Jirani yake Stefka, aliyemwona akizaliwa, alimzaba kofi mbele ya watu wote. "Umetuita tukacheze ili watubomolee! Wamekupa nini?"

Sevdalina hakujitetea. Alisema, "Nilidanganywa, mama Stefka. Lakini mliniamini mimi, si yeye." Na hakuondoka.

Studio ilimtaka aombe radhi halmashauri na apumzike mwaka mmoja. Alikataa, na mkataba ukavunjwa. Redio zikaacha kupiga nyimbo zake. Mashabiki wake wa mtandaoni, waliokuwa wakimwita malkia, wakamwita jina lile lile ambalo huitwa kila mwanamke wa Kiroma anayebishana. Aliachana na nyumba ya Sofia, akahamia na Yanko na mtoto kwenye ghala la zamani la tumbaku walikohifadhiwa watu wa Kamenka, akalala pale majira mawili ya baridi, kati ya mablanketi yaliyotundikwa badala ya kuta. Asubuhi alifundisha watoto kusoma. Mchana alikuwa mahakamani. Desemba mwaka jana mahakama iliamua kwamba ubomoaji haukuwa halali. Haikuamuru hata tofali moja lirudishwe. Siku ile watu walimbeba juujuu, naye akawaomba wamshushe kwa sababu kifua kilikuwa kinamuuma.

Alikuwa akikohoa tangu Novemba. Alisema ni vumbi la tumbaku, kisha akasema ni baridi, kisha akaacha kusema. Ijumaa tarehe 27 Januari homa ilimpanda hadi akashindwa kumtambua Rumyana. Yanko alipiga simu ya dharura. Aliambiwa gari la wagonjwa haliingii eneo lile bila polisi. Akapiga tena. Polisi walikuwa na kazi nyingine. Basi Stefka akatoa gari lake la kubebea vyuma chakavu, wakamlaza nyuma juu ya magodoro, na Stefka akaendesha mwenyewe, analia na kutukana taa nyekundu moja baada ya nyingine.

Hospitalini walimwacha koridoni. Kisha muuguzi mmoja akainama akamtazama. "Jamani, huyu si Lina Demir?" Ndipo kitanda kikapatikana. Na muuguzi, kabla ya kukisukuma, aliomba picha. Sevdalina alifungua macho, akatabasamu kwa kamera kama alivyozoea. Hiyo ndiyo picha yake ya mwisho. Familia haina nakala. Iko kwenye simu ya mtu.

Nimonia ilikuwa imeshakula mapafu yote mawili. Madaktari wa zamu walijitahidi, na familia inawashukuru hao. Siku ya tatu aliweza kuongea na mama yake. Aliuliza kama kuna kuni za kutosha ghalani, akauliza Rumyana amekula nini. Mama akamwambia amekula supu ya maharage kwa Stefka. "Basi ameshiba huyo," akasema. Alifariki Alhamisi tarehe 2 Februari, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Yanko. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita.

Tangu juzi redio zinapiga nyimbo zake bila kupumua. Studio imetangaza kutoa tena nyimbo zake zote. Halmashauri iliomba jeneza liwekwe uwanjani ili wananchi wamuage. Bi Vaska aliwajibu waliotumwa, "Uwanja ule ulishamla mara moja. Hautamla tena." Shada la maua la meya liko nje ya geti la makaburi. Mwenye kulihitaji alichukue.

Marehemu ameacha baba, Ognyan, na mama, Vaska, mume, Yanko, binti mmoja, Rumyana, wa miaka mitatu, kaka yake, Asparuh, na mdogo wake, Temenuga, bibi yake, Kalinka, mwenye miaka themanini na minne, ambaye tangu Alhamisi anauliza kwa nini zamu yake imechukuliwa, na shangazi huyu anayewasomea. Ameacha pia watu mia mbili na zaidi ghalani ambao baridi haijawaisha.

Baada ya mazishi kutakuwa na ngano ya kuchemsha, mkate na mvinyo kwenye ghala la tumbaku. Wote mnakaribishwa. Ambao hamjawahi kufika kule, fuateni watu.

Sevdalina, udongo wa Starobrod ukulalie mwepesi, ingawa ulipokuwa hai ulikuelemea. Wewe pumzika. Amani tutaidai sisi tuliobaki.