Obedi Ndahani, Fundi wa Redio, na Waya Alioukata

Wachungaji wetu, wazee wetu shikamooni, ndugu, majirani wa Miyuji na wote mliotoka mbali kuja kuzika nasi, mimi ni Aneth, mtoto wa kwanza wa marehemu, na ninasoma haya kwa niaba ya familia, kama yeye mwenyewe alivyoagiza yasomwe.

Baba yetu mpendwa, Obedi Ndahani, alizaliwa Mvumi tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili wa mzee Marko Ndahani, akamfuata dada yake aliyefariki mchanga, na nyuma yake akaja Shangazi Anna, aliyeketi hapa mbele yenu. Alisoma shule ya msingi hukohuko Mvumi, akajifunza ufundi wa redio hapa Dodoma mjini, na mwaka 1973 akaajiriwa kwenye karakana ya kutengeneza redio na vyombo vya muziki, alikofanya kazi hadi alipostaafu mwaka 2011.

Mwaka 1975 kwaya ya Mvumi ilisafiri hadi Nairobi kurekodi santuri, na sauti inayoongoza katika santuri ile ni ya Shangazi Anna, ambaye wakati huo alikuwa msichana mshonaji, na wenye umri wake hapa wanakumbuka jinsi watu walivyokuwa wakinyamaza akianza kuimba.

Baba alifunga ndoa na mama yetu, Lydia, tarehe 9 Desemba 1978, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Erick na Brightness, akatulea kwa upole, ila hakupenda kupongezwa, na mtu akimsifia kazi yake alikuwa akiinuka na kutoka nje. Sababu yake hatukuijua.

Tarehe 24 Agosti 1980 palikuwa na tamasha la kwaya, na amplifaya iliyotumika ilitengenezwa na Baba. Shangazi alishika kipaza sauti, umeme ukamkamata, na mkono wake wa kulia ukaungua kiasi kwamba alikatwa vidole viwili, cherehani ikamshinda, na hakuimba tena mbele ya watu. Wote tulikua tukiambiwa kwamba ilikuwa ajali.

Baada ya kustaafu, Baba alianza kuunda kifaa cha kuchezea ile santuri, yaani kikuzaji kidogo kinachopokea sauti hafifu kutoka kwenye sindano na kuiongezea nguvu kabla haijafika kwenye amplifaya, na kwa kuwa sauti hiyo ni ndogo mno, mvumo wowote wa umeme huimeza. Alikifungua na kukifunga mara nyingi, akaihamishia transfoma kwenye kisanduku chake cha chuma mbali na kikuzaji, akabadilisha kapasita, akapanga nyaya upya, na Mama alipomwambia, "Baba Aneth, mbona inasikika vizuri tu?" alijibu, "Bado inavuma, na safari hii sitaunyamazisha mvumo kwa kukata kitu."

Mwezi Juni 2023 mvumo wa kile kifaa ulikoma kabisa. Akanituma Mvumi nikamlete Shangazi, na alipofika, Baba alimwonyesha waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliopotea ardhini, akaweka kiganja chake juu ya kisanduku cha chuma kilichounganishwa na waya huo kuonyesha kwamba hakidhuru, kisha akasema, "Anna, ile amplifaya ya tamasha ilikuwa inavuma, nikaukata waya huu ili itulie, nikijua kazi yake. Haikuwa ajali. Ni mimi." Kisha akaweka santuri, na sauti ya msichana yule ikajaa sebuleni, safi, bila mvumo.

Shangazi alisikiliza mpaka upande ukaisha, akasema, "Kaka, miaka yote hii nimejilaumu mimi, nikidhani nilikishika kwa mkono wenye jasho. Ulikuwa unaniona najilaumu, ukanyamaza?" Shangazi hakugusa chai, akarudi Mvumi jioni ileile, na Baba hakuiweka tena santuri ile.

Mwanzoni mwa mwaka huu wa 2025 figo zake zilianza kushindwa, akalazwa mara kadhaa, na alipozidiwa mwezi wa nane Shangazi alikuja bila kuitwa, akakaa kando ya kitanda, akamlisha uji kwa mkono wa kushoto. Baba alipoanza kuomba msamaha alimkatiza, "Sijamaliza kukasirika, kaka, lakini kula kwanza." Siku zile za mwisho Baba alikubali kulishwa na Shangazi tu. Alifariki tarehe 6 Septemba, alfajiri, akituachia agizo kwamba sababu ya mkono wa Shangazi isizikwe pamoja naye, na Shangazi nilipomuuliza aliniambia, "Soma yote, mwanangu, wajue haikuwa jasho langu."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani zetu wa Miyuji waliopika na kulala nasi, mafundi wenzake wa karakana, na kwaya ya Mvumi. Shangazi Anna ameomba awe wa kwanza kumwekea kaka yake udongo, nasi tumekubali.

Baba, mzigo umeutua mbele ya watu wako wote. Mungu akulaze pema, upumzike.