Viazi Havigandi Santa Cruz

Saa moja asubuhi, mwezi wa Juni, madirisha yote ya basi letu dogo la Santa Cruz yalikuwa wazi kwa joto. Mbele yangu, mama wa Kiaymara, mtu wa milimani, alimlalamikia kijana aliyekaa naye, ingawa hawakujuana.

“Kwetu Oruro saa hizi tunakanyaga viazi vilivyogandishwa na baridi ya usiku, maji yatoke, tuvianike viwe akiba. Hapa nilivitandaza uani, vikaoza.”

“Si ununue friza, mama!”

“Ninayo. Nilivigandisha humo, nikavikanyaga jikoni peke yangu. Kule tunavikanyaga ukoo mzima, hata mawifi waliokosana wanacheka.”

“Lakini umesema daktari amekukataza milima, moyo hauwezi. Ukifia huko je?”

“Kwani hapa hawafi?”

Takwimu zinamuunga mkono.

Basi likasimama kwenye stendi ya mabasi ya mikoani. Mama akashuka. Kijana akambebea furushi mpaka chini, bado akimkataza asiende.