Mama Geuka na Ukingo wa Kulia

Baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya utumishi, Mtunza Ramani Mkuu wa ofisi yetu anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri. Saa nimeitaja kwa makusudi. Mwenyewe ameshatangaza kwamba hatatoka saa tisa na dakika ishirini na tisa, keki iwe imekatwa au haijakatwa.

Kwenye jalada lake la utumishi ana majina matatu kamili, lakini humu ndani hakuna anayeyatumia. Kuanzia mlinzi wa getini hadi Mkurugenzi, sote tunamwita Mama Geuka. Kamati ya sherehe imenipa mimi, mpima ardhi, kazi ya kuandika wasifu huu, na nadhani walikusudia kunipa heshima. Kumbe wamenipa kitubio, maana kosa kubwa kuliko yote aliyowahi kulikamata katika kazi yake lilikuwa langu.

Aliingia ofisini akiwa na miaka ishirini na sita, kazi yake kufungua droo na kuzifunga. Chumba cha Ramani kina droo arobaini na nane za chuma, pana kama vitanda, na ile ya kumi na saba haifunguki mpaka uipige goti. Waliomwajiri walitaka mtu wa kutoa karatasi na kuzirudisha mahali pake bila kuzikunja. Hawakumwambia azisome. Yeye akazisoma, moja baada ya nyingine, mchana wakati wenzake wamekwenda kula, mpaka siku moja mchoraji mkuu alipouliza kwa sauti kijito fulani kinaingia wapi mtoni, na jibu likatoka nyuma ya droo. Mwaka uliofuata alipelekwa masomoni. Miaka minane baadaye akakabidhiwa muhuri, na tangu siku hiyo hakuna ramani iliyotoka katika jengo hili bila kupita chini ya miwani yake.

Kila mgeni wa kazi amepita kwenye meza yake ya kioo, ile yenye taa kwa chini. Somo la kwanza ni ufunguo wa ramani, yaani kile kisanduku cha pembeni kinachoeleza kila alama ina maana gani. Asiyesoma ufunguo, husema Mama, ni sawa na mtu anayeingia nyumba ya watu kupitia dirishani. Kisha anakuonyesha mshale wa kaskazini na kukuamuru uigeuze karatasi mpaka kaskazini yake itazame kaskazini ya dunia, hata kama maandishi yatakaa kichwa chini. Wengi tulifundishwa haya shuleni tukayasahau. Kwake hayasahauliki, kwa sababu atakuuliza tena mwezi ujao, kwenye ngazi, ukiwa umebeba chai.

Halafu kuna uzi. Mto haupimwi kwa rula, kwa sababu mto haujui kwenda moja kwa moja. Mama huchukua uzi mwekundu wa kushonea, akaulaza juu ya mto kwenye ramani, kona kwa kona, kisha akaunyoosha kwenye kipimio na kusoma kilomita. Nakumbuka mto mmoja ambao mimi niliupima kwa rula nikapata kilomita tisa. Kwa uzi zilikuwa kumi na sita. Mumewe ni fundi cherehani, mtu mpole sana, na kwa miaka mingi aliamini nyumbani kwao kuna panya anayependa rangi nyekundu. Ijumaa tutamrudishia vibunda vyake sita vya uzi tulivyovikuta kwenye droo.

Somo la vilima alilifundisha kwa ngumi. Anakunja mkono wako, anachora duara ndani ya duara kwa kalamu kuzunguka kila kifundo cha kidole, kisha anakwambia ukunjue kiganja uangalie. Hiyo ndiyo mistari ya kontua, kila mmoja ukipita sehemu zenye kimo kimoja. Palipobanana ni mwinuko mkali, palipoachana ni tambarare. Na mistari hiyo inapokutana na mto hujikunja kama herufi V, ncha yake ikitazama maji yanakotoka. Watu wa ofisi hii hujulikana mjini kwa mikono yenye wino, na mke wangu alishawahi kutaka maelezo.

Lakini somo lake kuu lilikuwa la kulia na kushoto. Mtu anaweza kusema ni jambo la chekechea. Mto una ukingo wa kulia na ukingo wa kushoto, na haukuulizi wewe umesimamaje. Ili uujue wa kulia, tazama maji yanakokwenda. Mkono wako wa kulia ulipo, huo ndio ukingo wa kulia wa mto, leo na milele. Mgeni akisimama vibaya mbele ya ramani, akatazama maji yanakotoka, Mama hapandishi sauti wala hakunji uso. Anasema neno moja tu: geuka. Hapo ndipo jina lilipoanzia.

Neno hilo lilimwokoa hata dereva wetu. Siku moja, akitumainia sauti ya kwenye simu, aliingia na gari la ofisi katika sehemu asiyoijua, simu ikaisha chaji, akaazima ya mpita njia akapiga Chumba cha Ramani. Alikuwa na hakika anaelekea kusini, nyumbani. Mama akamuuliza saa ngapi. Saa kumi jioni. Akamuuliza jua linampiga bega gani. La kushoto. Basi, akamwambia, jioni jua liko magharibi, na magharibi ikiwa kushoto kwako uso wako uko kaskazini, kila kilomita inakupeleka mbali na mkeo, geuka. Dereva akageuka. Tangu siku hiyo hamkatalii Mama kitu, na ni vizuri kwamba hamkatalii, kama mtakavyoona.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana mficha uchi hazai.

Miaka kumi na miwili iliyopita ilipangwa kujengwa daraja kwenye mto mkubwa, mahali unapopiga kona. Ng'ambo kulikuwa na vitongoji saba na zahanati hakuna. Mvua zikianza, mama mjamzito wa ng'ambo alisubiri maji yapungue, na mtoto hasubiri maji. Mimi nilipewa kazi ya kupima kingo. Nilianzia chini, kwenye makutano ya mito, nikapanda na mto siku nzima, jua la utosi, daftari mkononi. Nilipofika kwenye kona niliandika kwa mwandiko safi kabisa: kulia mwamba, kushoto mchanga na udongo laini. Niliandika kwa mikono yangu, si kwa mikono ya mto. Nilikuwa natazama maji yanakotoka.

Mchoraji akachora nilichoandika. Wahandisi wakaipanga nguzo kuu ya daraja juu ya mwamba ambao haukuwepo. Siku ya kuzindua ujenzi ikatangazwa, mitambo ikawa njiani, na Alhamisi ramani ikafika kwa Mama kugongwa muhuri.

Hakugonga. Alilaza uzi wake kwenye kona ile, akatazama kontua, akatikisa kichwa. Kwenye kona, maji hukimbia kwa kasi upande wa nje na kuutafuna mpaka ubaki mkali na mgumu, na upande wa ndani hupungua kasi na kuacha mchanga wake. Ramani yenyewe ilionyesha kontua zimebanana upande wa nje. Iweje mchanga wangu ukalale huko, na mwamba wangu ukae upande wa ndani, kwenye tambarare? Aliniita, akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Nilikuwa kijana wa suruali iliyopigwa pasi, nilikuwa na hakika na kila kitu.

Mkurugenzi wa wakati ule, ambaye Ijumaa atakaa meza ya mbele na ambaye ameniruhusu niandike haya, alimwambia waziwazi: muhuri Jumatatu asubuhi, au barua ya kuachishwa kazi. Mama alikuwa na watoto wawili sekondari. Isitoshe, watu wa Chumba cha Ramani hawakuruhusiwa kwenda uwandani. Kwa miaka ishirini na moja alikuwa ameisoma mito mia mbili, na hakuna hata mmoja uliowahi kumlowesha viatu.

Jumamosi alfajiri gari la dereva lilisimama mlangoni kwangu. Ndani alikuwemo Mama Geuka, siku yake ya mapumziko, amevaa mabuti ya mpira ya mumewe, na kipande kirefu cha nondo kimelala miguuni pake. Hakunigombeza. Aliniambia tu nilete daftari.

Tulifika mtoni saa nne. Mkunga wa vitongoji vile alikuwa ameketi upande wa huku, mkoba wake magotini, akisubiri mtumbwi, na akatufuata kwa udadisi. Mama alinisimamisha ukingoni, akanishika mabega, akasema lile neno. Niligeuka. Maji yalikuwa yakienda mbele yangu, na kila kitu nilichokiandika kilihamia upande wa pili. Niliona aibu hata kulifungua daftari.

Hata hivyo hakuridhika na aibu yangu, alitaka ushahidi. Tulivuka kwa mtumbwi hadi upande wa ndani wa kona, mahali pa nguzo kuu. Dereva akachomeka nondo na kuigonga kwa nyundo. Ikaingia kama kisu kwenye papai, mita moja, mita mbili, mpaka ikabaki ncha tu ya kushikia. Tukavuka tena hadi upande wa nje. Pigo la kwanza, nondo ililia. Pigo la pili ikamruka dereva mkononi. Mwamba mtupu. Mkunga akacheka, akasema kwa utulivu, "Huo mchanga wa kule kila mwaka unahama. Mngetuuliza."

Jumatatu asubuhi Mama aliingia kwa Mkurugenzi na nondo yenye matope, na mimi nyuma yake. Hakunitaja. Alisema kosa ni la mwelekeo, na limesahihishwa. Mimi ndiye niliyefungua mdomo nikasema ni langu. Mkurugenzi akaichukua ile barua aliyokwisha kuiandaa, akaichana vipande vinne. Kisha akaagiza michoro ianze upya.

Uzinduzi wa ujenzi ulichelewa miezi miwili. Mvua za msimu uliofuata zilikuja kwa hasira, maji yakapita juu ya ule mchanga wa upande wa ndani na kuukomba wote, mpaka pale ilipokusudiwa kusimama nguzo kuu pakawa shimo. Nguzo kuu, juu ya mwamba wake, haikutingishika. Daraja lina miaka kumi na moja sasa. Mkunga ameniambia hahesabu tena siku za mvua. Na kanuni ya ofisi ikabadilishwa: mtunza ramani mwenye shaka huenda kuuona mto kwa macho yake.

Wiki mbili zilizopita nilimpelekea Mama ramani yake ya mwisho, toleo jipya la eneo lilelile. Aliikagua kama kawaida, ufunguo, kaskazini, kipimio, uzi. Kwenye kona ya mto kidole chake kikasimama. Kando ya daraja palikuwa na jina la kitongoji ambalo halikuwamo katika toleo la zamani: Geuka.

Akanitazama juu ya miwani. Akanikumbusha kwamba ramani si kadi ya harusi, jina la mahali haliandikwi ili kumfurahisha mtu, huandikwa likiwa linatumiwa na wakazi, kwa mashahidi watatu. Nilikuwa nimejiandaa. Nikampa fomu tatu: ya mkunga, ya mwenye duka la darajani, na ya mwalimu mkuu wa shule iliyofunguliwa pale. Wote watatu wameandika kwamba watu hupaita hivyo tangu mwaka wa daraja, kwa sababu pale ndipo mama mmoja alipomgeuza mpima. Watoto wa shule hudhani ni jina la zamani sana.

Mama alivua miwani, akaifuta kwa kanga yake, akaivaa, akaivua tena. Sisi tuliokuwamo chumbani tulijifanya tunatafuta kitu kwenye droo ya kumi na saba. Kisha akauchukua muhuri, akauinua, akausimamisha hewani. Akaweka kidole kwenye jina. Kitongoji kiko ukingo wa kulia, akasema, na wewe umeliandika ukingo wa kushoto.

Nikaenda kulichora upya. Niliporudi, akagonga.

Mama, muhuri umeniachia mimi, na sijui kama ni zawadi au adhabu. Tunakushukuru kwa kila karatasi uliyoinyoosha na kila kichwa ulichokigeuza. Mpe salamu fundi na panya wake. Kwa miaka thelathini na mitatu ulitufundisha kugeuka. Ijumaa, saa tisa na nusu, utakaposhuka zile ngazi, tutakuwa tumepanga mstari hadi getini, nusu yetu ukingo wa kulia na nusu ukingo wa kushoto, na safari hii tumehakikisha. Pita katikati, utazame maji yanakokwenda. Maisha mema yako mbele huko, Mama. Usigeuke.