Majina Sita Aliyoyapeleka Mwalimu Elisha Msengi

Kila asubuhi, kabla hajagusa uji, Mwalimu Elisha Msengi alitoka na kipande cha chaki akaandika jina moja kwenye mlango wa ghala, upande unaotazama njia. Leo Manyoni, kesho Wembere, keshokutwa Kitangiri. Aliyepita alitakiwa aseme kama jina hilo, likiingia kwenye sentensi ya Kiingereza, linavaa kofia au linakwenda kichwa wazi. Kofia ndilo lile neno dogo "the", ambalo Waingereza huyawekea majina mengine na mengine wakayaacha. Mto huvaa. Ziwa halivai. Mlima mmoja hauvai, bali milima ikijipanga safu, huvaa. Mji hauvai, na mtu havai kamwe.

Paskali, jirani yake, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, alikuwa akipitisha ng'ombe pale na kujibu bila kusimama.

"Shikamoo mwalimu. Wembere huo, mto. Uvishe kofia, jua kali."

"Marahaba. Na Kitangiri?"

"Ziwa. Ulisema juzi."

"Na Paskali je?"

"Paskali ana kofia yake hii hapa kichwani. Ya Waingereza haitaki."

Mwalimu alicheka mpaka akashika mlango.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji cha Kinampanda, wilaya ya Iramba, mtoto wa nne wa Mzee Yakobo Msengi na Mama Damari. Mama yake alisimulia kwamba uchungu ulimkuta shambani kwenye palizi, akamaliza kwanza mstari wake wa mtama ndipo akaenda nyumbani. Mwalimu alipenda kuisema habari hiyo kwa wanafunzi waliotaka kutoka kabla ya kengele.

Shule aliianza mwaka 1960 akiwa na miaka tisa, kwa sababu ng'ombe wa baba yake hawakuwa na mchungaji mwingine mpaka mdogo wake alipokua. Alimaliza darasa la nane mwaka 1967, akaingia chuo cha ualimu mwaka uliofuata. Kiingereza chake kingi hakukipata darasani. Alikipata kwa redio, na kwa kamusi moja isiyo na jalada ambayo mpaka leo ipo kabatini, imefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Januari 1970 alipangiwa kituo chake cha kwanza, Manyoni, shule iliyo karibu na reli, ambako treni ikipita mwalimu hunyamaza na kusubiri. Hapo ndipo mwanafunzi aitwaye Rebeka alipomuuliza kwa nini Bahari ya Hindi kwa Kiingereza inawekewa "the" na Tanzania haiwekewi, ila ikitajwa kama Jamhuri ya Muungano inawekewa. Mwalimu alisema, "Nitakujibu kesho." Kesho ikawa wiki tatu. Alimuuliza mkuu wa stesheni, alimuuliza mchungaji wa kanisa, alimwandikia barua mwalimu wake wa chuo. Kisha akasimama mbele ya darasa zima akasema, "Rebeka, ulipouliza nilikuwa sijui. Sasa najua nusu. Hiyo nusu ndiyo hii." Darasa lilicheka, naye akacheka nalo. Alifundisha miaka arobaini na mmoja, Manyoni na baadaye hapa Misigiri, akastaafu Machi 2011, na waliosoma kwake wanasema hawakumwona akificha kosa lake hata mara moja.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na Magdalena Kitundu, binti wa Misigiri, katika kanisa la Kilutheri. Barua ya posa iliandikwa na mjomba wake. Ilipofunguliwa mbele ya wazee, Elisha aliomba aione, akatoa kalamu ya wino mwekundu mfukoni, akaweka nukta mbili palipokosekana. Baba mkwe alimtazama mshenga akauliza, "Huyu amekuja kuoa au kusimamia mtihani?" Wakamkubali hivyohivyo. Walijaliwa watoto watatu: Frank, Esta na Hana. Mwaka 1988 walihamia Misigiri wakajenga nyumba hii tulipokusanyika leo kumuaga.

Agosti 2022 aliugua. Alikohoa, miguu ikavimba, na hospitali ikaonekana kwamba moyo umetanuka. Daktari alimwambia apunguze chumvi, vilima na mawazo. Chumvi aliipunguza.

Mwaka uliofuata, badala ya kupumzika, alifungua darasa kwenye ukumbi wa kanisa, kila Jumatatu, Jumatano na Alhamisi saa tisa alasiri, watu wakishatoka shambani. Alikuwa akiwaandaa waliokomea darasa la saba wafanye mtihani wa maarifa wa mwezi Novemba, ule ambao mtu akiufaulu anaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne. Walikuja watu kumi na mmoja, sita kati yao akina mama. Walikuja na watoto mgongoni na majembe yakaachwa nje ukutani, yamepangwa kama wanajeshi.

Mmoja wa wale sita alikuwa Mama Paulo, anayefanya usafi katika zahanati. Alimaliza darasa la saba mwaka 2004 akachaguliwa kwenda sekondari, lakini hakwenda. Alitaka siku moja awe muuguzi, asiishie kufagia mahali ambapo wauguzi wanafanya kazi. Mume wake, Calist, alikuwa na mashaka. Calist yuko hapa leo na amekubali hili lisomwe. Mwanzoni mwa mwaka huu alikuja kwa Mwalimu akakaa kwenye kigoda, akasema:

"Mwalimu, mimi sina neno. Ila watu wananicheka, eti mke wangu anataka dawati moja na mwanangu. Afanye mwaka huu mmoja. Asipofanya mwaka huu, basi tena, ashike jembe tuendelee."

"Mwaka mmoja unatosha," Mwalimu alimjibu.

"Umesema wewe."

"Nimesema mimi."

Januari mwaka huu Mwalimu alichukua daftari lake la mahudhurio, akanakili majina kumi na moja kwenye fomu, akayatuma kituo cha mtihani Kiomboi. Hakuona kosa lolote. Jumatatu tarehe 24 Februari simu iliita akiwa uani anapepeta maharage na mke wake. Alikuwa dada wa kituo.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu."

"Mwalimu, hapa nina Mama Paulo, nina Mama Amne, nina Mama Witness, wako sita hivi. Hawa ndio watahiniwa, au ni wazazi wa watahiniwa?"

"Ndio watahiniwa wenyewe."

"Sasa wanaitwa nani?"

Mke wake anasema alimwona ameshika simu sikioni, mdomo wazi, ungo wa maharage umeinama na maharage yanamwagika taratibu. Kwetu hapa mwanamke akishapata mtoto, kumwita jina la usichana wake ni kama kumvua nguo mbele za watu. Mwalimu alikuwa amewaandika kwa heshima. Mwaka mmoja na nusu aliwafundisha kwamba jina la mtu husimama lenyewe, na hakuwahi kuwauliza majina yao.

Dada wa kituo alieleza kwa upole: fomu zijazwe upya, jina kama lilivyo kwenye cheti cha darasa la saba, mwalimu aweke sahihi, na mwisho wa kupokea ni Ijumaa ya wiki hiyo.

Alasiri ile Mwalimu alikwenda nyumba hadi nyumba na fomu mpya na kalamu yake, taratibu, akipumzika kwenye kila uwanja. Akina mama walicheka wakiziba midomo.

"Mwalimu, hilo jina mwenyewe nimelizoea kulisahau," alisema Mama Amne.

"Litafute."

"Mwanaidi."

"Mwanaidi. Zuri. Mbona ulilificha?"

"Sikulificha, mwalimu. Hamkuliuliza."

Neno hilo alirudi nalo nyumbani. Kwa Calist alimkuta Mama Paulo jikoni, akamweleza yote bila kujitetea: kwamba kosa ni la kwake, kwamba jina lake halipo kwenye orodha, kwamba zimebaki siku nne. Mama Paulo alikaa chini kwenye kizingiti. Alimtazama mume wake, kisha akatazama chini.

"Kwa hiyo mwaka huu ndio umekwenda," alisema.

"Haujakwenda. Unaitwa nani?"

"Dorika. Dorika Shila."

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe, mwalimu."

Hapo hata Calist alicheka, akaingia ndani akatoka na cheti cha mke wake. Kilikuwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi za kliniki za watoto. Yeye ndiye aliyejua kilipo.

Frank alitaka azipeleke fomu hizo yeye kwa pikipiki. Baba yake alikataa. "Kosa nimelifanya mimi. Siwezi kumtuma mtu akaniombee radhi."

Jumanne tarehe 25 Februari 2025, saa nne na nusu asubuhi, alizikabidhi fomu Kiomboi kwa mkono wake. Zilisomwa moja moja, zikapokelewa zote sita, zikapigwa muhuri. Alishukuru, akaomba maji, akakaa kwenye benchi la nje. Alipoonekana anahema kwa shida alipelekwa hospitali, na wahudumu walihangaika naye kwa bidii, tunawashukuru. Saa saba na dakika kumi mchana moyo wake ulisimama. Alikuwa amebakiza siku kumi na saba kutimiza miaka sabini na minne.

Jumatano, tukiwa kwenye msiba, simu ya Frank iliita, na dada wa kituo alitoa pole, kisha akasoma namba za watahiniwa. Dorika alikuwa anasonga ugali wa waombolezaji, mikono imejaa unga. Hana alimwandikia namba yake kwenye kiganja. Calist alikuwa amesimama na mzigo wa kuni begani.

"Iandike vizuri," alisema, "isifutike mpaka Novemba."

Marehemu ameacha mjane, Magdalena; watoto watatu, Frank, Esta na Hana; wajukuu saba; mdogo wake mmoja; na darasa la watu kumi na mmoja, ambalo Esta, aliyerithi kazi ya baba yake, ameahidi kuliendeleza kuanzia Jumatatu ijayo saa tisa alasiri. Wanaotaka kuongezeka waje na vyeti vyao.

Asubuhi ile ya Jumanne, wale akina mama sita walifika hapa uani kabla ya saa moja, kila mmoja na khanga safi, ingawa hakuna aliyewaita. Mwalimu alikuwa amevaa koti la sherehe na ameshika bahasha. Akasema ni bora ahakikishe, asije akakosea mara ya pili. Akatoa orodha, akavaa miwani, akaita kwa sauti ya darasani, jina na ukoo. Wa kwanza alisita, akaitika kwa aibu. Wa pili akaitika kwa nguvu. Alipofika kwa Mwanaidi Juma wote walikuwa wanacheka na kusukumana kama wasichana. La mwisho lilikuwa Dorika Shila.

"Nipo, mwalimu."

Alikunja karatasi, akairudisha kwenye bahasha, akaibana kwapani. Mke wake alimwambia asitembee haraka, kilima kile ni kirefu. Akasema sawa. Akapita katikati ya alizeti kuelekea barabarani, na wale akina mama wakasimama uani wakimtazama mpaka koti lake likapotelea kwenye maua. Hakurudi.

Bwana aliyemwita ampe kiti cha kupumzikia.