Beberu Mzee na Taarifa ya Saa Saba

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi. Mwenyekiti wa Bodi ya Redio Sauti ya Bonde, Bwana Donald Mwaluma. Mchungaji Mwanyumba, uliyeshuka leo kutoka Wusi kabla ukungu haujakuwahi. Mwalimu Nzioka na ujumbe wako wa Makwasinyi. Wafanyakazi wa kituo. Majirani kutoka Kaloleni. Na wewe mwenyewe, Mama Kiema, ambaye leo tumekuketisha mbele yetu kama bibi harusi ilhali umezoea kukaa nyuma ya kioo: hamjambo nyote?

Kwa wasionijua, mimi ni Stephen Mwakio. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini Voi. Sauti hii mnayoisikia, ambayo walimu wangu waliisifu na shangazi zangu wakaililia machozi, siku hizi inauliza wateja kama wanataka misumari ya mbao au ya mabati. Nimeombwa niseme machache kwa sababu katika historia ya redio hii nina cheo ambacho hakuna mwingine anacho. Mimi ndiye mtangazaji wake wa kwanza. Nilishinda mahojiano, nikapewa mkono, nikapewa kazi. Kilichonishinda ni kufika.

Ndugu zangu, niwaulize: mnadhani mambo makubwa huamuliwa wapi? Kwenye meza za bodi? Nami nilidhani hivyo. Lakini mwaka huu, niliposikia Mama Kiema anastaafu, nilishikwa na hamu ya kujua ilikuwaje hasa, nikaanza kuzunguka nikiuliza mmoja mmoja. Niliyoyapata yamenifanya nisilale vizuri, na mke wangu anasema bora ningekosa usingizi kwa deni.

Tuanze na mahojiano. Kituo kilikuwa hakijafunguliwa, rangi ya ukuta bado inashika nguo. Tulikuwa waombaji wengi, tukachujwa tukabaki wawili. Wa kwanza mimi, tai shingoni. Wa pili Alice Koki, huyu Mama Kiema, amevaa sweta na Kiswahili chake kilichopitia Kibwezi. Bwana Donald, wakati huo meneja, alituuliza kila mmoja peke yake swali lilelile: ukiwa katikati ya taarifa ya habari, uletewe tangazo, utafanyaje?

Nilijibu kama mtu aliyelala na kitabu cha kanuni. Nikasema nitaliweka chini, nitamaliza habari, nitamaliza michezo, kisha litasomwa pamoja na matangazo ya vifo na mbuzi waliopotea. Alama zote nikapewa.

Mama Kiema naye akajibu, "Inategemea ni tangazo gani."

Akapewa sifuri. Bwana Donald, usiangalie viatu vyako, mwenyewe umenithibitishia.

Basi kazi ikawa yangu, nianze Jumatatu, taarifa ya saa saba mchana. Sasa, nyinyi wa milimani mnajijua. Kwetu Wusi mtu hachukui kazi hivihivi kama anayechukua mwavuli. Ni lazima maombi ya shukrani, ni lazima wajomba waseme, na ni lazima watu wale. Mama yangu akaamua yafanyike asubuhi ileile ya Jumatatu, mapema, ili nishuke Voi nikiwa nimebarikiwa moto moto. Mpango ulikuwa mzuri. Sala fupi, wosia mfupi, nyama, halafu gari.

Sala haikuwa fupi. Mchungaji Mwanyumba alianza na mababu wa Israeli, akapita Misri, na nilipofungua jicho moja nikaona bado hatujavuka bahari. Kwa miaka yote hii nimekuwa nikimlaumu mtumishi wa Mungu moyoni. Mwezi uliopita nikamwendea nikamuuliza kwa heshima: Mchungaji, siku ile Roho alikushukia kwa namna gani? Akacheka mpaka akashika nguzo ya nyumba.

"Mwanangu," akasema, "kila nikitaka kusema amina, akina mama wa jikoni wananitikisia kichwa. Nyama ilikuwa ngumu."

Mheshimiwa, ungekuwa wewe ungeacha hapo? Mimi sikuacha. Nilienda kwa mama nikamuuliza mbona nyama ilikuwa ngumu. Akaniambia, bila hata kuacha kuchambua mboga, kwamba walikuwepo mabeberu wawili, kijana na mzee. Alichinja mzee. Yule kijana alimhifadhi kwa siku nitakayopandishwa cheo.

Nyama ilipoiva, wajomba hawakuweza kuachwa wale peke yao, na gari lilikuwa moja tu, pikapu ya mwuza kabichi. Dereva wake naye alikuwa mwalikwa, na alikuwa ameshaanza. Nani kati yenu angemwinua Mtaita kutoka kwa nyama aliyoingojea tangu asubuhi?

Na sasa niwaeleze jambo ambalo nadhani lingeweza kutokea kwetu tu. Saa saba ilipokaribia, shangazi alileta redio, akaiweka juu ya kinu, akavuta waya wa antena. Akasema, "Nyamazeni sasa, tumsikie Stephen." Wazee wakanyamaza. Watoto wakafukuzwa. Mchungaji akaweka kijiko chini. Na mimi, ndugu zangu, mimi mwenyewe, nikiwa nimeketi palepale na mfupa mkononi, nilinyamaza nikatega sikio nimsikie Stephen.

Ikatoka sauti ya mwanamke. Mjomba wangu mmoja akanigeukia kwa huzuni, akauliza, "Stephen, wamekufanya nini?"

Ndipo tukakumbuka.

Huku Voi mambo yalikuwa hivi. Mama Kiema, baada ya sifuri yake, alikuwa amepata kazi ya ukarani kwao Kibwezi. Mizigo ilikuwa stendi, tiketi mkononi. Alipita hapa dakika chache tu kuchukua vyeti vyake alivyoviacha siku ya mahojiano. Akamkuta Bwana Donald mlangoni anatazama barabara ya Mwatate, ambako ningetokea, kama mtu aliyeibiwa ng'ombe. Akaombwa asome zile karatasi, mara hii moja tu. Akasema atasoma, kama basi lake halitamwacha. Basi lilimwacha.

Alikuwa amesoma habari mbili. Wakati huo, kule Makwasinyi, mkulima mmoja anayeitwa Ngui alikuwa amepanda juu ya mwamba kutafuta mtandao. Ndovu walikuwa wametoka mbugani mchana kweupe, na walikuwa wamesimama kwenye vichaka kati ya shule na kijiji. Simu ya shule haikuwepo. Namba aliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ya redio mpya, kwa kuwa ilikuwa imeimbwa wiki nzima ya matangazo ya majaribio. Akapiga. Fundi mitambo akaandika, akampelekea Mama Kiema. Tangazo, katikati ya taarifa.

Tulimsikia kule Wusi akikatiza habari ya tatu. Karatasi zikasikika zikiwekwa chini. Kisha akasema, taratibu, kama anayeongea na mtu mmoja aliyesimama mbele yake:

"Mwalimu mkuu wa Makwasinyi, kama unanisikia, usigonge kengele. Ndovu wako njiani. Watoto wasitoke darasani."

Akarudia. Akarudia tena. Habari za siku ile hazijamalizwa mpaka leo.

Mwalimu Nzioka, simama kidogo wakuone. Huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa shule. Alikuwa na redio yake dirishani, kwa sababu alikuwa akirekebisha saa yake kwa mlio wa saa saba. Kengele yao ni kipande cha reli kilichoning'inizwa, na saa saba na dakika tano ndiyo saa ya watoto wa madarasa ya chini kwenda nyumbani. Nilimuuliza, Mwalimu, ulikuwa wapi aliposema vile? Akanijibu, "Chuma cha kugongea kilikuwa mkononi."

Wale watoto walikaa darasani mpaka jioni. Baadhi yao wako hapa. Wana ndevu.

Sasa fikirini pamoja nami, maana mimi nimefikiri mpaka nimechoka. Kama beberu angekuwa kijana, sala ingekuwa fupi. Ningeshuka. Ningefika, tai shingoni, nikaketi kwenye kiti kile. Lile tangazo lingeletwa, nami ningeliweka chini vizuri, nikaendelea na habari, nikaendelea na michezo, kwa matamshi safi ambayo hata Nairobi wangeyasifu. Nilikuwa nimeajiriwa kwa sababu ya kufanya hivyo hasa.

Kesho yake nilishuka, viatu vinang'aa. Bwana Donald akanikalisha, akaniambia kwamba simu hazijakoma, watu wanauliza yule mama atasoma tena lini. Nikamuuliza kama kuna yeyote aliyeniulizia mimi. Akasema, "Mama yako. Aliuliza kama umefika."

Kutoka siku ile tukapata *Njia ya Leo*. Kila alfajiri na kila saa saba, kabla ya habari na wala si baada yake, watu wa Kasigau, Sagalla na huku chini wanaambiwa ndovu wako wapi na wapite wapi. Shule zimezoea kuisikiza kwanza, ndipo kengele igongwe. Mama Kiema ameisoma akiwa na homa, ameisoma akiwa mjane wa wiki mbili. Leo anaisoma mara ya mwisho, na hilo ndilo limenipandisha hapa.

Bwana Mwenyekiti, nimeambiwa mahojiano ya kumpata mrithi wake ni wiki ijayo. Nimeambiwa pia kwamba swali lile bado lipo, na jibu lenye alama zote bado ni langu. Atakuja kijana mwenye sauti nzuri kuliko hii, na atalijua jibu. Naomba mbele ya watu hawa, mbele ya Mwalimu aliyeshika chuma, kwamba atakayejibu "inategemea" asipewe sifuri tena. Huna haja ya kusema. Itikia kwa kichwa tu.

Mmeona? Mchungaji, wewe umeona? Ameitikia.

Nilikuwa na mengine, lakini saa saba inakaribia, na hali iliyo hapa naijua vizuri. Kuna wajomba wanaotaka kusema. Kuna Mchungaji mwenye sala. Nimechungulia jikoni, na kutokana na nyuso za akina mama, nyama bado. Mama Kiema, dada yangu, inuka uende. Usingojee amina, usimwonee mtu haya, studio ni hapo ng'ambo ya uwanja tu. Shangazi, lete redio. Asanteni kwa kunipa masikio yenu. Sasa nayarudisha, yana kazi. Mara hii tutakayemsikia, nimehesabu viti, hayuko miongoni mwetu akila.