Mkanda na Sindano

Shikamooni wazee wangu, na ninyi vijana habari zenu. Mwenyekiti wa kikundi chetu hiki cha wafiwa kaniambia nisiogope, niongee kama niko kijiweni kwangu. Haya. Ila kijiweni naongea nimeinama, bisibisi mkononi, kwa hiyo mkiona sijui mikono niiweke wapi, mnivumilie.

Mimi ni fundi wa pleya za santuri. Zile za zamani, sahani inazunguka na mkono wenye sindano unashuka juu yake. Msicheke! Wenye nazo wapo bado, wananiletea mpaka kutoka Mngeta, urithi wa baba zao. Na nyumbani tulikuwa na yetu. Baba mkwe alifanya kazi kwenye shamba la miwa huko Kidatu, akaja kumwachia mke wangu. Jumapili tukitoka kanisani, hata kilemba hajavua, mwanamke anaweka santuri yake, ileile moja ya dansi. Ilikuwa na mkwaruzo. Ikifika pale, sindano inakwama, mwimbaji anang'ang'ania neno moja, "rudi, rudi, rudi," mpaka mke wangu apige mguu sakafuni, pu! Sindano inaruka, wimbo unaendelea, na yeye anaendelea kucheza. Mara ngapi nilimwambia lete niushughulikie huo mkwaruzo. Anakataa. "Fundi, ukishatengeneza, mimi nitapiga mguu wapi?"

Sasa, mwaka ule maji yalipanda mpunga haujaisha kuvunwa. Mke wangu alikuwa shamba, kule Michenga, anaokoa kilichobaki. Wakapanda mtumbwi kurudi, yeye na wenzake. Mtumbwi ukapinduka. Wenzake walishika matete. Yeye hakupata cha kushika.

Ndugu zangu, nawaambia, hata mtu anayenichukia simwombei akatafute mtu wake ndani ya maji yale. Wavuvi wanachoma upondo chini, ule mti wa kusukumia mtumbwi, ukigonga kitu moyo unasimama, kumbe ni gogo. Alipopatikana, nilimtambua kwa kanga. Kaburi tukachimba, likajaa maji. Tukachota kwa ndoo, likajaa. Mwisho padri akasema jamani, hatuna la kufanya, tukamshusha hivyohivyo. Kwenye maji, tena. Hilo ndilo lililonivunja, kuliko hata kifo chenyewe. Samahani. Nipeni maji ya kunywa kidogo.

Asante, mama.

Nyumba kuta zilisimama, lakini ndani tope mpaka dirishani. Pleya niliifukua kwa jembe. Mbao zimefura, mota imeoza, sindano imevunjika, na mkanda, ule mpira unaozungusha sahani, umekatika vipande. Santuri tu ndiyo ilipona, mke wangu alikuwa ameichomeka juu kwenye kenchi za paa. Waombolezaji wakaenda zao, na sikuwalaumu, kila mtu alikuwa na tope lake. Nikajisemea, siku ya arobaini yake nitaupiga huu wimbo. Nikishaupiga, basi. Nadhani humu mnaelewa hiyo basi ilikuwa ya namna gani.

Lakini vipuri vyangu vyote vilikuwa vimekwenda na maji. Nikamkumbuka shemeji yangu, mdogo wake marehemu, yuko Kidatu na vikorokoro vya baba yao. Simu sina, imezama. Nikaenda stendi, nikamkamata konda. Nikamwambia, mfikishie shemeji, mwambie mkanda wa pleya umenimaliza, na sindano Ifakara nzima nimekosa, atazame kwenye boksi la mzee. Konda akasema nimekusikia, baba. Kumbe kashika maneno mawili, mkanda na sindano, mengine yakadondoka njiani.

Nikarudi nikalala. Sikula. Jirani anaweka uji mlangoni, unapoa, mbwa anakunywa, na mimi namtazama tu. Nilikuwa naisubiri sindano, basi, sina jingine.

Nikasikia mlango unasukumwa. Shemeji huyo, anahema, kikapu begani. Mtu ambaye siku zote ananiamkia akiwa bado barabarani, siku hiyo hakuna shikamoo wala hodi. Akanipandisha shati!

"Uko wapi?"

"Nini, shemeji?"

"Mkanda! Hebu geuka huku. Konda katangaza stendi nzima, shemeji yako kashikwa na mkanda wa jeshi, hospitali wamekosa sindano, mwahi!"

Mnaujua mkanda wa jeshi, vile vipele vya moto vinavyozunguka ubavuni, na mnajua mtu akisemwa anao watu wananong'ona nini, ule ugonjwa usiotajwa. Shemeji alikuja na dawa ya kupaka, na kuku, na chini kabisa ya kikapu nikaona kanga nyeusi. Alikuja amejiandaa kuzika.

"Mkanda ule pale mezani," nikamwambia. "Wa pleya ya baba yenu."

Akatazama meza. Nikacheka. Sijui kicheko kilitoka wapi, kilinikwaruza koo. Yeye hakucheka. Aliniangalia mbavu, zinahesabika, akakaa palepale kwenye tope akalia kwa sauti.

"Vipele hamna," akasema. "Lakini wewe ni mgonjwa. Na mimi nimekaa Kidatu najiambia shemeji ni mwanaume, atajikaza."

Hakuondoka. Alinilisha uji kwa kijiko, mimi na mvi zangu. Akanipeleka hospitali kwa yule dada anayeongea na waliofiwa, ndiye aliyenileta kwenye kikundi hiki. Akafuata boksi la mzee, na ndani ya pamba tukakuta sindano, nzima kabisa. Mbao tulizikausha kivulini, ukizianika juani zinapinda. Mota nikaweka ya redio kaseti, inakula betri ya sola, umeme ukikatika haina habari. Mkanda nikakata wa tyubu ya baiskeli. Wa kwanza ulikuwa mnene, sahani ikawa inajikokota, mwimbaji anaongea kama mlevi. Shemeji akasema, "Punguza, bwana, huyo siye aliyekuwa anasikilizwa na baba." Nikapunguza.

Arobaini ikafika. Watu wamekaa, nikaushusha mkono. Dansi likaanza, safi. Na mimi mjinga nilikuwa nimesahau mkwaruzo! "Rudi, rudi, rudi, rudi..." Ndugu zangu, sikuweza hata kunyoosha kidole. Nilikuwa nausubiri mguu wake.

Shemeji akainuka. Akavua ndala. Pu! Wimbo ukaendelea.

Nililia siku ile kama sikuwahi kulia. Na ile basi yangu, sijui ilipotelea wapi. Bado kuna asubuhi mbaya, siwadanganyi. Ila kijiwe nimefungua.

Namshukuru shemeji yangu. Nawashukuru wavuvi, na jirani wa uji, na yule dada wa hospitali. Na konda! Mungu ambariki na masikio yake mabovu, angefikisha ujumbe sawasawa ningeletewa sindano tu.

Somo langu, yupo mmoja humu amekwama. Simtaji, wala msigeuze shingo kumtafuta. Tangu aanze kuja anarudia neno lilelile moyoni, namjua kwa macho. Simwambii jikaze. Mimi navua kiatu.

Pu!