Micah Kemboi, Fundi wa Paa Aliyedhaniwa Mlevi

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Kuresoi leo, Jumamosi tarehe 16 Agosti 1975, mpendwa wetu Micah Kemboi alizaliwa tarehe 3 Machi 1931 karibu na Molo, ambako wazazi wake walikuwa vibarua katika shamba la mlowezi, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, kisha karo ikakosekana.

Mwaka 1950 aliajiriwa Nakuru na kontrakta Joginder Singh, akawa fundi wa paa, na kwa miaka kumi na sita alitembea juu ya boriti kama mtu anayetembea sebuleni kwake. Alifunga ndoa na Jepchumba tarehe 14 Aprili 1956, wakajaliwa watoto wanne, na mwaka 1964 wakanunua shamba hili.

Mwaka 1966 miguu ilianza kumyumba, nyundo ikawa inakosa msumari, na ulimi ukawa mzito, naye Micah, ambaye hakuwahi kuonja pombe, akalazimika kushuka kwenye paa na kusikia watu wakimcheka njiani kuwa ni mlevi. Januari 1968 wazee wa kanisa, wakiongozwa na Mzee Gachanja, walimzuia kushiriki meza ya Bwana, jambo lililomuumiza kuliko kushuka kwenye paa.

Jepchumba hakukubali, akampeleka Nakuru kwa Daktari Ogola, aliyemwambia atembee kisigino mbele ya vidole, aguse pua yake kwa kidole, kisha ateremshe kisigino juu ya muundi wa mguu wa pili. Daktari alieleza kwamba kisogoni, chini ya ubongo mkubwa, kuna ubongo mdogo, unaopokea habari kutoka miguuni, machoni na ndani ya sikio, ukazilinganisha na amri iliyotolewa kwa mwili, ukasahihisha kila hatua kabla mtu hajaanguka, na kwamba wa Micah ulikuwa ukinyauka polepole.

“Nguvu anazo, mama,” alimwambia Jepchumba, “kilichopotea ni kipimo.”

Jumapili iliyofuata Micah alisimama mbele ya kanisa zima, miguu ameitanua kama alivyofundishwa na daktari ili asianguke, akasema, “Wazee, mimi sinywi. Uangalieni mkono huu.” Akanyoosha kidole kuelekea puani, na kadiri kilivyokaribia ndivyo kilivyozidi kutetemeka, hata kikapita shavuni, akajaribu tena, na tena, bila kuona haya, mpaka Mzee Gachanja akainuka, akaushika ule mkono, akasema, “Nisamehe, Kemboi, tulikuhukumu bila kuuliza.” Micah alimsamehe papo hapo.

Hakurudi juu ya paa, lakini Joginder alimpa kiti katika uwanja wake wa mbao, akapima mbao kwa jicho na kufundisha mafundi kumi na mmoja, akitembea kwa magongo mawili hadi 1973, miguu ilipomshinda kabisa. Mwaka huu kumeza kulimshinda, chakula kikawa kinapotea njia na kuingia mapafuni, akaugua nimonia, akatuaga tarehe 11 Agosti hospitalini Nakuru, Jepchumba akiwa kando yake.

Familia inamshukuru Daktari Ogola na wauguzi, majirani waliotulimia viazi misimu miwili, Bwana Joginder na mafundi wote, na kanisa lililojua kusema limekosea.

Micah, ndugu yetu, kazi ya kusimama umeimaliza, na uliifanya vizuri. Sasa lala, upumzike kwa amani.